Shangazi, niende kupiga kura ilhali wagombea siwajui?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na aibu kidogo, maana naona watu wazima wenzangu jambo hili haliwasumbui. Uchaguzi umekaribia. Kadi yangu ya mpiga kura ninayo, jina langu nimelikuta kwenye orodha ya kituo, na mpaka leo sijui kama nastahili kwenda. Haki ya kisheria ninayo, hilo silibishi. Kinachonikera ni dhamiri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Nafanya kazi ya zamu, na nikirudi nyumbani kuna kufua, kupika, kulaza watoto, kisha usingizi unanichukua nimekaa. Taarifa ya habari naisikia nusunusu. Wagombea urais nawafahamu kwa sura na kwa mambo mawili matatu waliyosema. Upande wa ubunge namjua aliyeko madarakani. Wanaompinga nimeona mabango yao tu. Udiwani ndiyo kabisa, Shangazi, sitakuficha: hata majina yao siyajui.

Juzi nilimwambia kaka yangu mkubwa kwamba nitaenda hivyo hivyo, nikifika huko nitajua. Akakasirika. Alisema kupiga kura bila kujua ni kutia chumvi kwenye chungu ambacho hujakionja, na watakaokula ni watu wengine. Akasema watu wa aina yangu ndio wanaowapa uongozi watu wasiofaa, na kwamba ningeipenda nchi ningekaa nyumbani. Maneno yale yaliniingia, kwa sababu kaka yangu anasoma, anafuatilia, na sikuweza kumjibu.

Mama naye, kwa upande wake, hataki kusikia habari ya kukaa nyumbani. Kwake asiyepiga kura hana mdomo wa kulalamika. Anataka twende wote alfajiri, tupange foleni.

Katikati yao yupo mwenzangu kazini, dada mmoja mkarimu sana. Ameniambia nisihangaike, ataniandikia kwenye kikaratasi majina ya kuchagua kuanzia juu hadi chini, mimi niende nikayanakili tu. Nilishukuru, lakini nimekuwa nikijiuliza: ikiwa nitaweka alama pale alipotaka yeye, je, hiyo ni kura yangu au yake?

Nisaidie Shangazi. Niende, nisiende? Na nikienda, hizo nafasi nisizozijua nizifanyeje? Je, nikiiacha karatasi tupu nitakuwa nimekosea?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu, mama wa wawili,

Nianze na jibu, kwa sababu siku zilizobaki ni chache na wewe una zamu. Nenda. Ukifika, weka alama kwenye kila nafasi ambayo unaweza kujitajia sababu ya kweli, hata kama ni moja. Ile ambayo huna sababu yoyote, usibahatishe. Na kabla ya siku hiyo, itafutie nafasi ya diwani jioni moja. Hiyo ndiyo nataka nikuombe kuliko yote, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza kaka yako. Amekuumiza, na ile kauli kwamba ungeipenda nchi ungekaa nyumbani hakupaswa kuitoa. Ila hoja yake ina uzito, usiitupe pamoja na hasira zake. Mwaka 1785 Mfaransa mmoja aliyeitwa Condorcet, mtu wa hesabu na siasa, alilipiga mahesabu jambo hili. Chukua swali lenye majibu mawili, moja sahihi. Ikiwa kila mpiga kura ana uwezekano wa kupatia uliozidi nusu, hata kama umezidi kidogo tu, basi kadiri wapiga kura wanavyoongezeka ndivyo uamuzi wa wengi unavyokaribia kuwa sahihi kabisa. Lakini wakiwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea, wingi wao unageuka balaa: kadiri wanavyojaa ndivyo wanavyozidi kupotea. Kwa hiyo kaka yako haoti anaposema kwamba kura ya mtu asiyejua ina madhara.

Wapo wanaojifariji kwamba wanaobahatisha hufutana: huyu ataangukia kwa huyu, yule kwa yule, mwishowe wanaojua ndio watakaoamua. Ningependa iwe hivyo. Shida ni kwamba binadamu habahatishi sawasawa. Mkono wake unavutwa na jina la kwanza kwenye orodha, au jina alilowahi kulisikia, au sura iliyojaa kwenye mabango. Australia, ambako kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni lazima tangu 1924, walilijua hilo mapema. Enzi hizo majina kwenye karatasi ya Seneti yalipangwa kwa alfabeti, na mwaka 1937 chama cha Labor katika jimbo la New South Wales kilisimamisha wagombea wanne: Amour, Armstrong, Arthur na Ashley. Wote wanne walishinda. Baadaye sheria ilibadilishwa, mpangilio wa kwenye karatasi ukawa unaamuliwa kwa bahati nasibu. Katika jimbo la California nchini Marekani nako mpangilio wa majina hauachwi kwenye alfabeti ya kawaida, kwa hofu ileile.

Niliwahi kukaa kituoni kama karani, na jambo hilo nililiona kwa macho. Mtu anakabidhiwa karatasi, anaitazama, kisha anakugeukia na kukuuliza kwa sauti ya chini, “Niweke wapi?” Karani haruhusiwi kusema chochote. Basi anaingia pale pembeni, na baada ya muda mfupi sana anatoka. Ile kauli yako ya “nikifika huko nitajua” ndiyo iliyonishtua katika barua yako. Hutajua, mwanangu. Pale ndani hakuna anayekufundisha, kuna majina na kalamu. Utakachokijua ni kile ulichokwenda nacho.

Sasa nikuoneshe mahali ambapo kaka yako amepungukiwa. Anazungumza kana kwamba wewe ukibaki nyumbani kura yako inapotea hewani na hakuna kinachobadilika. Lakini kiti lazima kikaliwe. Ukiondoka wewe, uzito uliokuwa wako unahamia kwa waliobaki. Je, waliobaki ni wale waliosoma ilani zote? Wamo. Wamo pia walioahidiwa kitu, wamo wanaomfuata mtu wa ukoo wao, na wamo waliokwishaamua miaka mingi iliyopita na hawajasikiliza neno jipya tangu hapo. Anayesitasita kama wewe mara nyingi ndiye mwenye dhamiri, na wakiondoka wenye dhamiri, wasiositasita hawaondoki pamoja nao.

Isitoshe, nataka umuulize kaka yako: kujua nini? Yeye anafuatilia nani kahama chama gani, nani kamwambia nini mwenzake bungeni. Ni maarifa, sikatai. Lakini anajua kwamba kliniki inafungwa kabla zamu yako haijaisha? Anajua umetembea gizani mara ngapi kwa sababu taa za barabarani haziwaki? Anajua inamgharimu nini mama anayenyonyesha anaporudi kazini? Uongozi unagusa mambo hayo, na kwenye mambo hayo wewe ndiye uliyesoma. Kura zikipigwa na wafuatiliaji wa habari peke yao, kuna mambo ambayo hayatahesabiwa kabisa kwa sababu walioyapitia hawapo.

Nina sababu nyingine ya kuwa makini na maneno “asiyejua asipige kura”. Yamewahi kutumiwa kama sheria. Katika Kenya ya kikoloni, uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria, uliwapima wapiga kura kwa elimu, kipato, mali na utumishi. Asiye na sifa hakupiga kura. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, majaribio ya kusoma na kuandika yalitumika kwa miongo mingi kuwazuia Weusi wasipige kura, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipoyakomesha huko. Kote huko hoja ilikuwa moja: tunailinda nchi dhidi ya wasiojua. Na kote huko walioamua nani anajua walikuwa walewale walionufaika na ukimya wa wengine. Kaka yako hana nia hiyo, naamini. Anakupenda, na anataka uchukulie jambo hili kwa uzito. Ila kuna umbali mkubwa kati ya kumwambia mtu “jifunze kabla hujaenda” na kumwambia “kaa nyumbani”, na yeye ameuvuka bila kuuona.

Turudi kwako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nadhani unajipunja. Unasema mbunge aliyeko madarakani unamjua. Basi swali la ubunge tayari una nusu ya jibu, kwa sababu kila mtu anapogombea tena swali la kwanza linakuwa hili: arudi au asirudi? Miaka yote hiyo umeishi chini yake. Aliahidi nini ukakiona, aliahidi nini hukukiona? Ulipokuwapo msiba au mafuriko au shida yoyote ya watu wengi, alionekana, au mlimwona kwenye mabango tu kampeni zilipoanza? Unayo ya kusema. Uwe mwangalifu kwa jambo moja, usimhukumu kwa lisilo lake. Bei ya mafuta duniani haipangwi na mbunge wenu, na mvua isiponyesha si kosa la diwani. Mpime kwa kile ambacho kiko ndani ya kazi yake. Ukiona hafai, hapo ndipo utalazimika kujua kidogo kuhusu wanaompinga, maana kumtoa huyu ni kumweka mwingine.

Kwenye urais nako unasema unajua mambo mawili matatu. Mawili matatu yanaweza kutosha, yakiwa mambo na si sura. Chagua suala moja ambalo kwako ni zito kuliko mengine, liwe shule ya watoto, liwe matibabu, liwe ajira, halafu utafute kila mgombea kasema nini juu ya hilo tu. Usijaribu kusoma ilani zima zima. Watu wengi wanaojitwika hilo huchoka kurasa za mwanzo na kuacha kabisa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu yako. Angalia nani ametaja atakachofanya, kwa fedha za kutoka wapi, na nani ameandika tu kwamba ataboresha. Na kama kuna mdahalo, sikiliza hata nusu saa ukiwa unanyonyesha. Sikiliza hasa wanapoulizwa swali gumu: yupi anajibu alichoulizwa, yupi anageuka kumtukana aliyemuuliza.

Sasa diwani. Hapa nataka tukae kidogo.

Wewe umemweka mwisho, na karibu kila mtu hufanya hivyo. Watu wengi duniani humjua mgombea urais mpaka jina la mkewe na hawamjui anayetaka kusimamia mtaa wao. Lakini fikiria uzito wa kura yako. Kwenye urais kura yako ni moja kati ya mamilioni, na uwezekano kwamba hiyo moja ndiyo itakayoamua ni mdogo mno, sitakudanganya. Kadiri eneo linavyopungua ukubwa, ndivyo karatasi yako inavyoongezeka uzito. Januari 1961, Zanzibar, kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja. Moja tu. Mwaka 2017 huko Virginia, Marekani, wagombea wawili wa baraza la jimbo walipata kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 majina yao yakatiwa ndani ya bakuli, likachomolewa moja, na kwa namna hiyo ikaamuliwa pia kama chama cha Republican kitabaki na wingi katika baraza zima au vyama viwili vitalingana viti. Wapo watu katika eneo lile waliobaki nyumbani siku ya kura, na yeyote kati yao angeweza kulifanya bakuli lile lisihitajike.

Kwa hiyo pale unapojua kidogo kuliko kwingine kote ndipo kura yako ina nguvu kuliko kwingine kote. Ndiyo maana nakuomba jioni moja.

Jioni hiyo utafanya nini? Anza na majina. Tume ya uchaguzi huchapisha orodha ya wagombea wa kila eneo, na mara nyingi hubandikwa mahali pa wazi. Mtume hata kijana wa jirani aipige picha. Ukishayapata majina, usianze na simu, anza na watu. Kata ni eneo dogo, na mtu anayegombea udiwani ana historia pale. Amefundisha shule, ameongoza kikundi cha kukopeshana, amefanya biashara, amewahi kuwa mjumbe wa kamati fulani. Mtafute mtu aliyefanya naye kazi, si aliyemsikia jukwaani. Muulize mambo ya kawaida kabisa: fedha za kikundi alizitunzaje? Akishindwa hoja kwenye kikao hufanya nini? Ahadi ndogo huzitimiza? Mtu aliyekula fedha za kikundi cha watu ishirini hatabadilika akipewa bajeti ya kata. Na uulize kwa zaidi ya mmoja, hasa uulize kwa mtu ambaye unajua hamkubaliani kisiasa. Ukikuta hata yeye anamsifu mgombea wa upande mwingine kwa jambo fulani, hilo jambo lichukue kwa uzito, maana hakuwa na faida ya kulisema.

Yale ya simu yanayoanza kuzagaa siku mbili tatu kabla ya kura, sauti zisizo na mwenyewe, picha za zamani zilizopewa maelezo mapya, yapite. Yanatolewa wakati huo kwa sababu muda wa kuyakanusha haupo.

Kuhusu dada wa kazini na kikaratasi chake. Umeuliza swali zuri, kura itakuwa ya nani. Jibu langu ni kwamba kutegemea maarifa ya mwingine si dhambi. Sote tunategemea, hatuwezi kuchunguza kila kitu wenyewe, na ukimwamini mtu mwadilifu anayefuatilia kuliko wewe, hiyo nayo ni njia ya kujua. Tatizo ni kunakili. Mwombe kikaratasi, halafu mkae nacho muda wa mapumziko, umuulize kila jina: kwa nini huyu? Akikupa sababu unayoweza kuirudia kwa maneno yako mwenyewe na bado ukaiona ni sababu, jina hilo limekuwa lako. Akikwambia “we weka tu”, au sababu ikiwa ni ukoo wake, au dini yake, au kwamba kuna shukrani itakuja baada ya uchaguzi, jina hilo likate. Na kama kikaratasi kinakuja na fedha au zawadi ya aina yoyote, kirudishe chote na umwambie wazi. Hapo si ushauri tena, unanunuliwa, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai kwa anayetoa na anayepokea.

Lolote litakalotokea kati yenu, hana haki ya kukuuliza ulimchagua nani, wala ya kukutaka upige picha ya karatasi yako ili umwoneshe. Siri ya kura watu waliipigania. Uingereza hadi mwaka 1872 mpiga kura alisimama mbele ya watu akatamka jina la anayemtaka, mwenye shamba wake na mwajiri wake wakisikia. Leo unaingia pembeni peke yako. Mkiwa mmekubaliana na dada yule majina yote na ukifika mle ndani dhamiri ikabadilika, badilisha, na huna deni kwake.

Umeuliza kuhusu karatasi tupu. Kwenye nchi nyingi kila nafasi ina karatasi yake au sehemu yake, na kuiacha moja hakuharibu nyingine. Ila taratibu hutofautiana: Australia, kwa mfano, mpiga kura wa Baraza la Wawakilishi hutakiwa kuwapa namba wagombea wote, akiruka baadhi kura yake inaweza kukataliwa. Kwa hiyo soma maelekezo ya tume yenu au uwaulize makarani kabla hujaingia. Hilo wanaruhusiwa kukujibu. Kama kwenu inaruhusiwa, kuacha nafasi ya mtu usiyemjua kabisa hujakosea chochote. Umewaachia uamuzi ule waliojua, na umefanya hivyo kwa nafasi ile moja badala ya kuwaachia zote kwa kukaa nyumbani. Hapo ndipo mimi na kaka yako tunapokubaliana, kama atanisikiliza.

Usidhani tu kwamba karatasi tupu inapeleka ujumbe. Wapo wanaoiacha wazi ili kuonesha hasira. Wakati wa kuhesabu, karatasi ile huinuliwa, mawakala wakaiona, ikawekwa na zilizoharibika, pamoja na ya aliyetia alama mbili kwa kutetemeka mkono. Hakuna anayejua ya nani ilikuwa ya hasira. Hata India, ambako baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2013 mpiga kura anaweza kubonyeza kitufe cha kuwakataa wagombea wote, aliyepata kura nyingi miongoni mwa wagombea ndiye anayetangazwa mshindi, hata kama waliowakataa wote ni wengi. Acha wazi kwa sababu hujui, si kwa sababu unataka kusikika. Kama unataka kusikika, weka alama kwa yule unayemwona ana afadhali, kisha umfuate na madai yako akishaapishwa.

Mama yako ana haki ya kukuamsha alfajiri, na mimi namuunga mkono. Ila sikubaliani naye kwamba asiyepiga kura hana mdomo wa kulalamika. Mgonjwa aliyekuwa kitandani siku ile, mtu aliyezuiwa na zamu, hata huyo aliyekaa nyumbani kwa makusudi, wote wanalipa kodi na wote wanaongozwa. Mdomo wanao. Kwa hiyo ikitokea siku yenyewe mtoto akaugua ukashindwa kwenda, mpeleke mtoto hospitali na usijilaumu mwaka mzima.

Kabla ya hapo kuna jambo la kupanga: zamu. Nchi nyingi sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nafasi ya kwenda kupiga kura. Kaulize mapema, leo kama unaweza, usisubiri siku yenyewe ukaanza kubembeleza mlangoni. Na mkubaliane nyumbani nani atabaki na watoto. Kama utakwenda na anayenyonya, waambie wasimamizi wa foleni. Mama mwenye mtoto mchanga vituo vingi humpisha mbele.

Halafu nenda kwa kaka yako. Usiende kubishana kuhusu Condorcet wala mimi. Muulize kitu kimoja: kwenye udiwani anamchagua nani, na kwa nini. Kama hana jibu, atatambua mwenyewe kwamba mko chungu kimoja, na mnaweza kuitumia ile jioni pamoja, yeye akienda kuuliza kwa wanaume wenzake na wewe kwa kina mama. Kama jibu analo, na analo kwa sababu za kweli, basi mtu wa kukusaidia umekuwa naye nyumbani muda wote. Kaa, umsikilize mpaka amalize, umuulize na upande wa pili, ndipo ukaamue mwenyewe.

Wako,
Shangazi